Spesa Nilizifunga Mimi: Bi Kaza Anaaga Karakana

Kwa miaka thelathini na moja na miezi minne, Bi Kaza amekuwa akiingia kwenye karakana ya shirika letu la maji kabla mlinzi hajamaliza kufagia getini. Tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, atakabidhi funguo za karakana hiyo na kustaafu rasmi akiwa fundi mkuu. Mlinzi ameniambia kwamba kuanzia Julai hatajua saa ngapi aanze kufagia.

Jina la Bi Kaza alipewa na madereva. Kila gari lililotoka mikononi mwake lilisindikizwa na swali moja, "Umekaza?", hata kama lililetwa kubadilishiwa balbu tu. Mimi ninayeandika haya ni mratibu wa safari, na kabla ya kupewa kiti hiki nilikuwa dereva kwa miaka kumi na mitano. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko nilivyoulizwa hali.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, mama wa binti mmoja, mke wa fundi cherehani. Karakana haikuwa imewahi kuwa na fundi wa kike, na haikuwa na ovaroli ya kumtosha. Aliyopewa siku ya kwanza ingetosha watu wawili, na mikono yake ilifika magotini. Mumewe, shemeji yetu, aliipeleka nyumbani, akaikata, akaishona upya, na vitambaa vilivyobaki vikatosha kushona mfuko wa spana ambao Bi Kaza aliubeba kwa miaka kumi. Baadaye mafundi wanaume walianza kupeleka ovaroli zao kwa shemeji kimyakimya, mmoja baada ya mwingine.

Msimamizi wa wakati ule, mzee mwenye sauti nzito na roho nyepesi, alimpeleka kitengo cha magurudumu. Alikuja kukiri mwenyewe kwamba alifanya hivyo ili achoke haraka na kuomba kazi ya ofisini. Fundi wetu wakati huo alikuwa na kilo hamsini na mbili. Nati ilipokataa kulegea, alipanda juu ya mpini wa spana ya magurudumu kwa miguu yote miwili na kuruka. Nati zililegea. Hakuomba ofisi, na wiki ya tatu msimamizi aliacha kuchungulia.

Sasa nifike kwenye mkasa ambao wafanyakazi wapya wanausikia vipandevipande, kila mtu akitia chumvi yake. Nitausimulia kama ulivyokuwa, kwa sababu nilikuwa nimeshika usukani.

Ilikuwa mwaka wake wa saba. Stoo ilikuwa imepokea matairi mapana kuliko yale ya kawaida, na yalipofungwa kwenye pikapu za kubebea mabomba, yakawa yanakwaruza springi za nyuma kwa ndani. Pikapu namba nne, iliyokuwa mikononi mwangu, ililia kila ikikata kona. Wakati huohuo mtaani kulikuwa na fasheni ya spesa. Spesa ni kipande cha chuma cha mviringo kinachowekwa kati ya gurudumu na habu, yaani kile kitovu kinachobeba gurudumu, ili gurudumu lisogee nje kidogo. Gari linasimama limetanua miguu kama mwanamieleka. Niliona pikapu ya jirani yangu imefungwa hizo na nikaona yangu imedhalilika.

Nilimwandama Bi Kaza kwa wiki nzima. Nilimwambia matairi yataacha kukwaruza, gari litatulia, na sisi tutaonekana watu. Alinijibu kwamba hajawahi kuzifunga na hazijui vizuri. Nikaendelea kumbembeleza. Mwishowe alikubali. Akamwomba fundi mchongaji wa mtaa wa pili achonge mbili, unene wa sentimita mbili kila moja, na akazifunga kwenye magurudumu ya nyuma.

Siku mbili za mwanzo nilikuwa mfalme. Kelele ziliisha, kona nilizikata bila gari kulala, na mafundi bomba wawili niliokuwa nawabeba nyuma walisema sasa wanaweza hata kusinzia. Bi Kaza alikuwa amenipa sharti moja tu: nirudi siku ya tatu akaze nati upya, kwa sababu spesa mpya hulegea ikishapata kukaa mahali pake. Siku ya tatu nilirudi. Lakini siku hiyo pampu kubwa ya kituo cha juu ilikuwa imekufa, mji mzima hauna maji, na karakana yote, yeye akiwamo, imeitwa huko. Alinipita getini akiwa ananing'inia kwenye lori na kunipigia kelele, "Kesho, kaka! Kesho asubuhi!"

Kesho yake pampu ilikuwa bado imekufa, na mimi nilitumwa kupeleka mabomba. Hakuna aliyekumbuka nati.

Siku ya tisa, mchana kweupe, nikiwa nateremka kilima cha hospitali, nilihisi gari linatetemeka kama linaona baridi. Nikapunguza mwendo. Halafu nikaona gurudumu linanipita upande wa kulia. Nilifikiri, huyu ni nani kapoteza gurudumu? Nilikuwa bado namhurumia mwenyewe wakati pikapu ilipoinama nyuma na kukaa chini kwa kishindo.

Leo tunacheka. Siku ile hatukucheka. Mafundi bomba wangu wawili walirushwa hadi kwenye nyasi. Mmoja alivunjika mkono, mwingine alichubuka uso. Gurudumu lilishuka kilima peke yake, likavuka barabara, likapita katikati ya kituo cha basi chenye watu, na kusimama baada ya kugonga ukuta wa duka la dawa. Halikumgusa mtu. Nilikaa kando ya barabara nikihesabu wale watu wa kituoni mmoja mmoja na kuanza tena upya.

Uongozi uliunda kamati. Kamati ilikuwa na haraka, na mtu wa karibu wa kulaumiwa alikuwa dereva. Ilisemekana nilikuwa nakwenda mbio. Ilisemekana nilipakia kupita kiasi. Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria namna ya kumwambia kwamba sina kazi. Kuhusu spesa hakuna aliyeuliza kitu, nami sikuthubutu kuzitaja. Kipande kimoja kilikuwa kimebaki kilimani, kingine kimejificha nyuma ya gurudumu lake, na kwenye daftari la karakana havikuandikwa kwa sababu havikuwa na kibali cha mtu.

Msimamizi, ambaye kufikia hapo alimpenda Bi Kaza kama mwanawe, alimwita nyuma ya stoo. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyenieleza jambo hili miaka kadhaa baadaye, siku ya kuagwa kwake. Alimwambia, "Mwanangu, nyamaza. Dereva atapata kazi kwingine. Wewe ukitoka hapa hakuna karakana itakayomchukua fundi mwanamke tena."

Bi Kaza alimsikiliza, akamshukuru, kisha akatembea moja kwa moja hadi chumba cha mikutano. Nilikuwa nimeketi mbele ya wajumbe watano. Aliingia bila kubisha hodi, mikono ina grisi, na akaweka juu ya meza kifurushi cha gazeti. Mapema siku ile alikuwa amekwenda kilimani kwa miguu. Ndani ya gazeti kulikuwa na spesa moja na bolti tatu zilizokatika.

"Spesa nilizifunga mimi," alisema. "Niliona nati zimeshika meno machache ya bolti, nikajiambia zitatosha. Nilipaswa kuzikaza siku ya tatu na sikuzikaza. Huyu kaka alirudi kama nilivyomwagiza."

Mwenyekiti alimuuliza kama anaelewa anachokisema. "Naelewa," alijibu. "Ndiyo maana nimekisema leo, maana kesho ningeogopa."

Nilibaki na kazi yangu. Yeye alivuliwa ufundi kwa miezi sita na kupelekwa stoo kupokea mafuta na filta. Mimi nilitaka kumwomba radhi, kwa kuwa niliyemwandama wiki nzima nilikuwa mimi, lakini kila nikifika dirishani kwake naishia kuchukua filta. Mtoto wetu alipozaliwa, mke wangu alimchukua akiwa na wiki tatu, akampeleka stoo na kumweka mikononi mwa Bi Kaza. Mke wangu ndiye aliyesema yote niliyoshindwa kuyasema. Mimi nilisimama nje nikajifanya nakagua tairi.

Mtu mwingine angetumia miezi ile kunung'unika. Bi Kaza alinunua daftari la kurasa mia moja. Alimtafuta mhandisi wa pampu, akamtafuta mkufunzi wa chuo cha ufundi, akarudi hata kwa yule mchongaji, ambaye alikuwa amejificha kwa hofu, akamwambia hakuja kugombana bali kujifunza. Ukurasa wa kushoto aliandika yale mema ya spesa, wa kulia yale mabaya, na hakuupendelea hata mmoja.

Daftari hilo bado lipo, limechakaa na linanuka dizeli. Kushoto amekiri kwamba spesa kweli inalifanya gari liwe na msimamo mpana, kwamba pikapu iliyobeba mzigo mrefu hupungua kuyumba kwenye mteremko wa ubavu, na kwamba tairi pana lililokwaruza springi linapata nafasi. Amekiri hata kwamba gari linapendeza. Kulia ameandika kwamba gurudumu likisogea nje, beringi, ile duara ya gololi iliyo ndani ya habu, inabeba uzito kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa, kwa hiyo inachoka mapema. Kwamba usukani unakuwa mzito na unavutwa na kila shimo spesa zikifungwa mbele. Kwamba tairi linatoka nje ya madigadi na kumwagia matope milango na wapita njia. Kwamba mkaguzi wa magari ana haki ya kulikataa gari hilo. Na kwamba spesa iliyochongwa tundu la kati pana kuliko habu inaliacha gurudumu lining'inie kwenye bolti peke yake, hadi bolti zichoke. Chini kabisa ameandika kwa herufi kubwa: HAZIONGEZI HATA KILO MOJA YA MZIGO, MADEREVA WASIDANGANYANE.

Aliporudishwa kwenye ufundi, wote tulidhani neno spesa halitatajwa tena mbele yake. Kwa miaka kumi na miwili halikutajwa. Ndipo akaja meneja mpya wa usafirishaji, mtu mchangamfu anayependa mambo yaende, akatoa agizo: pikapu zote kumi na moja zifungwe spesa, kwa sababu zinayumba kwenye barabara ya bwawani. Barabara ile inakatiza ubavu wa mlima, na gari linakwenda limeinama upande mmoja kama mtu anayetega sikio.

Karakana yote iligeuka kumtazama Bi Kaza. Angesema hapana, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alisema, "Nipe wiki sita, bosi. Nitakwambia zipi na zipi."

Alichagua pikapu mbili zinazofanana. Moja aliifunga spesa za kiwandani, zenye bolti zake zenyewe na tundu la kati linalobana habu sawasawa. Nyingine aliiacha ilivyo. Ndani ya kila moja aliweka beseni la maji lililojaa hadi kwenye mstari aliouchora kwa rangi, na kuzituma barabara ya bwawani kwa mwendo uleule. Madereva walirudi wamelowa suruali. Beseni la gari lenye spesa lilirudi na maji robo tatu, lile lingine na nusu. Aliandika. Kila jioni alishika habu kwa kiganja kusikia joto la beringi. Aliandika hilo nalo.

Wiki ya nne mwalimu mmoja wa shule ya jirani alifika ofisini akiwa na gauni jeupe lililogeuka la madoadoa, akiuliza ni gari gani la maji linalotembea na matope. Bi Kaza alimpokea, akamwomba radhi, gauni likapelekwa kwa shemeji likasafishwa, na kwenye daftari, ukurasa wa kulia, akaandika: "Matope: mita tatu na nusu. Shahidi yupo." Siku iliyofuata alibuni vifuniko vya mpira vya kupanulia madigadi, ambavyo tunavitumia hadi leo.

Ripoti yake ilikuwa kurasa mbili. Spesa zifungwe kwenye pikapu mbili tu, zile zenye fremu ndefu za mabomba zinazokwenda bwawani kila siku, na baada ya mkaguzi kuzipitisha. Nyingine tisa zibaki kama kiwanda kilivyozitengeneza, bali mizigo yao ipangwe chini na katikati, maana nusu ya kuyumba kulitokana na upakiaji wa hovyo. Nati zikazwe upya baada ya kilomita hamsini, kisha kila wiki, na dereva atie saini. Beringi zifunguliwe na kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu. Meneja aliisoma, akakuna kichwa, akatia saini.

Kilichofuata kinasimuliwa kantini kila mwaka. Meneja huyohuyo alikuja na pikapu yake binafsi, mpya, imepigwa rangi ya samawati, akamnong'oneza Bi Kaza amfungie na yeye.

"Unapita barabara ya bwawani, bosi?"

"Hapana. Nyumbani na ofisini."

"Tairi zinakwaruza?"

"Hazikwaruzi."

"Basi unataka itulie au unataka ipendeze?"

Meneja alitazama huku na huku. "Ipendeze," alisema kwa sauti ndogo.

"Ioshe," alisema Bi Kaza, na akampa ndoo.

Meneja, tumsifu, alicheka hadi akaegemea ukuta. Wakawa marafiki wakubwa. Pikapu ya samawati ni safi mpaka leo.

Tangu siku ya kilima cha hospitali, miaka ishirini na minne, hakuna gurudumu la shirika letu lililochomoka barabarani. Hesabu hiyo si ya bahati. Mwaka wa kwanza wa zile pikapu mbili, dereva mmoja wa bwawani aliruka saini ya Jumatatu kwa sababu alikuwa amechelewa. Bi Kaza alimfuata kwa bodaboda hadi kwenye lango la bwawa, akamsimamisha mbele ya watu, akashika spana. Nati mbili zilizunguka nusu duara nzima. Hakumgombeza. Alimkalisha kivulini mwa gari na kumsimulia habari za kituo cha basi kilichokuwa na watu, bila kuficha hata neno moja. Dereva huyo ndiye leo anayewasainisha wenzake, na hana huruma.

Amefundisha mafundi kumi na wanne, saba kati yao wanawake. Atakayerithi funguo zake ni fundi wetu wa breki, dada ambaye kwa miaka kumi na miwili amebishana naye karibu kila siku na bado wanakunywa chai kikombe kimoja. Mwezi uliopita dada huyo alitoa beringi ya pikapu ya bwawani kabla ya miezi mitatu kufika, akasema haipendi sauti yake. Bi Kaza aliigeuza mkononi, akaisikiliza, akasema yeye hasikii kitu. Walipoifungua, ilikuwa imeanza kumeguka ndani. Bi Kaza alivua glavu, akampigia makofi peke yake katikati ya karakana, na jioni hiyohiyo akaenda ofisi ya utumishi kusema kwamba sasa yuko tayari kustaafu.

Tusimfanye malaika. Ripoti zake zilichelewa, zile kurasa mbili zikiwa muujiza pekee. Kalamu ya mtu ikiingia mfukoni mwake haitoki. Anaimba akiwa chini ya gari, na sauti yake imewahi kumfanya mteja aulize kama feni imekatika. Chai yake huipasha moto mara tatu na mwishowe huinywa baridi.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza anataka zawadi gani, tulitarajia ataje jokofu au cherehani mpya ya shemeji. Alifikiri kidogo. Akasema kwamba kwa miaka yote hii barabara ya bwawani ameipita akiwa anasikiliza beringi, na watu humwambia huko juu kuna mandhari nzuri. Angependa siku moja apelekwe akiwa abiria, yeye, mumewe, binti yao na wajukuu wawili.

Madereva waligombania nafasi hiyo hadi tukapiga kura. Nimeshinda mimi, na wanaodai niliiba kura waje na ushahidi. Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa tatu asubuhi, nitakuwa mlangoni pako, dada. Kwa kazi yote uliyoifanya, kwa kifurushi kile cha gazeti ulichokibeba kutoka kilimani, na kwa mwanangu wa kwanza aliyekua baba yake akiwa na kazi, wafanyakazi wote wa shirika wanakushukuru, na mimi na mke wangu tunakushukuru zaidi. Uwe na afya, uwe na furaha, usichoke na wajukuu.

Ombi letu ni moja. Siku hiyo kaa upande wa dirisha, fungua kioo, na utazame nje.